Upinde wa Kaka Nisiyekuwa Naye

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Nina upinde! Naandika tena, maana mkono wenyewe haujaamini: nina upinde! Wangu! Si ule wa mti na kamba tunaogombania watu kumi na wawili klabuni. Huu ni wa magurudumu. Gurudumu juu, gurudumu chini, kebo mbili zimepishana katikati, mpini mweusi wenye mabonde ya vidole. Ukiuvuta, mwanzoni unakataa kama punda, kisha ghafla magurudumu yanapinduka na uzito wote unayeyuka, unabaki umeushika kama umeshika mwamvuli. Ndivyo kinavyosema kitabu chake cha maelezo. Mimi sijauvuta. Ugwe wake, yaani ule uzi unaosukuma mshale, umechakaa mpaka umeota manyoya.

Nimepewa na jirani mshona mapazia. Nilimwandikia barua tatu kwa lugha ya shule kwenda kiwanda kilichomletea kitambaa cha zambarau badala ya bluu. Bluu imekuja. Kwa furaha akaniambia nichague chochote kilichoko juu ya kabati lake. Alidhani nitachagua sufuria. Mume wake aliutumia upinde huu mara moja tu, miaka tisa iliyopita, akatungua taa ya choo chao wenyewe. Tangu hapo haruhusiwi hata kuutaja.

Sasa mpango. Jumamosi Kocha anachagua mtu wa nne wa timu ya shule ya kulenga shabaha. Watatu tayari. Imebaki nafasi moja! Timu inakwenda kushindana mji mwingine, siku tatu, kulala hukohuko, fulana yenye maandishi mgongoni. Sharti ni kwamba kila anayejaribu aje na upinde wake. Nani ana wake? Hakuna. Binamu yangu Jemedari ametangaza kwamba Shangazi anamwagizia, lakini Jemedari hutangaza vitu vingi.

Na jambo ambalo nalisema hapa tu, kwa sababu daftari halina macho: mimi nalenga vizuri. Vizuri sana. Nikiwa peke yangu. Akisimama mtu nyuma yangu mikono inalegea kama soksi kuukuu. Ripoti ya shule imeandika kwa lugha ya shule kwamba mwanafunzi huyu hazungumzi. Mama husema hivyohivyo kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo nina haya kwa lugha mbili, na katika zote mbili nimefaulu.

Lakini Jumamosi nitatokea na upinde umefungwa ugwe mpya, umerekebishwa, unang'aa. Watanyamaza wao!

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Nilipita mbele ya kibanda cha fundi baiskeli mara saba. Mara ya nane akatoa kichwa, akauliza kama nimedondosha kitu au ninahesabu mawe ya barabara.

Nikafungua sanduku la upinde. Fundi ana kitambi, miwani iliyofungwa kwa mpira wa vali, na kelele. Alipouona upinde akapiga mluzi. Akasema hii ni baiskeli iliyokosa tandiko. Ina magurudumu, ina kebo, ina skrubu, kwa nini isitengenezeke? Nilitaka kumkumbatia. Sikumkumbatia. Nilitazama ndoo.

Kitabu kiko katika lugha ya shule, nikamsomea nikitafsiri. Sauti ilitoka! Kusoma si kuzungumza, maneno ni ya mtu mwingine. Kuna ukurasa wenye herufi nyekundu: usiuachie ugwe kamwe bila mshale, nguvu ikikosa mshale wa kuibeba itarudi kwenye upinde na kuupasua. Fundi akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, maana huo ndio uandishi anaoupenda, wenye vitisho.

Ugwe haubadilishwi kwa mikono. Mikono ya upinde lazima ibanwe kwanza ili uzi ulegee. Fundi akasema atatengeneza kibanio cha mbao mbili na jeki ya gari. Malipo yake: nimsomee maandishi ya maboksi yake ya vipuri. Ana boksi ambalo amelihifadhi miaka minne akiamini ni breki. Ni taa za nyuma. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha akauliza upinde wa nani.

Swali dogo. Jibu dogo. Lakini walikuwepo mzee mwenye tairi lililotoboka na mama mwenye baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu. Wote wakageuka. Hata mtoto!

Nikasema wa kaka yangu.

Sina kaka. Nimezaliwa peke yangu na nimebaki hivyohivyo. Fundi akafurahi, akasema alijua tu, silaha kama hii inataka mwanamume wa kweli, je, kaka ana urefu gani? Nikainua mkono juu kadiri ulivyofika. Nikasimama kwa vidole vya miguu kuongezea. Kaka yangu si chini ya mita mbili.

Nimerudi nyumbani nikirukaruka. Wazo zuri kabisa! Mambo yakiharibika, yameharibika kwa kaka. Yakifaulu, nachukua upinde wangu Ijumaa na hakuna aliyejua lolote.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Ugwe mpya umepatikana! Ulikuwa ndani ya sanduku muda wote, kwenye mfuko wa kifuniko, kwenye karatasi ya nailoni ambayo haijafunguliwa. Mume wa mshona mapazia aliununua pamoja na upinde. Mtu mwenye matumaini.

Kibanio cha Fundi kinafanana na kitanda cha mateso. Upinde umelazwa katikati, jeki inapanda, mikono inainama, kebo zinalia kriii. Nilifumba macho. Fundi naye, nilimchungulia, alifumba. Kisha ugwe wa zamani ukalegea na kuanguka wenyewe kama kamba ya kiatu. Akavisha mpya. Mimi nikasoma, yeye akafunga. Juu kwanza, kisha chini, kisha hakikisha magurudumu yote mawili yamesimama sawa, moja lisitangulie mwenzake. Alama ya gurudumu la juu ilikuwa mbele kidogo. Nikaiona mimi! Nikainyooshea kidole. Fundi akavaa miwani vizuri, akasema binti huyu ana jicho la kunguru. Nimeirudia sentensi hiyo njia nzima.

Halafu balaa. Fundi akasema upinde ni kama kiatu, unapimwa kwa mtu. Kila gurudumu lina vitundu vitano. Ugwe ukifungwa kitundu cha mwisho, unavutwa mbali, ni wa mikono mirefu. Kitundu cha kwanza, mikono mifupi. Kwa hiyo kaka aje.

Nikasema kaka yuko mbali. Akauliza mbali wapi. Nikasema chumbani.

Nikajitolea kuleta vipimo vya kaka kwenye karatasi. Akakataa kata kata. Akasema yeye hapimi mtu kwa karatasi, hata fundi nguo mlevi hafanyi hivyo. Ningeweza kusema palepale: ni wangu, Fundi. Maneno matatu. Mdomo ulifunguka, nakumbuka hewa iliingia. Nikasema atakuja kesho baada ya shule.

Nani mrefu ninayemjua? Mmoja tu. Jemedari. Naona aibu hata kuliandika.

Lakini ngoja! Nimefikiri na nimetulia. Fundi mwenyewe kasema ni baiskeli. Baiskeli unamwinulia tandiko mrefu, kisha unalishusha kwa mfupi. Wapime kwa Jemedari, Ijumaa nashusha tandiko. Nina akili sana nikiwa kitandani.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Siku ya uongo wa aina mbili, na yote miwili imeshika! Namaanisha uongo wote umeshika. Nina furaha mpaka sarufi imenitoka.

Jemedari amenuna tangu asubuhi. Upinde wake hauji. Shangazi amesema wazi kwamba hamnunulii kitu chenye ncha mtu aliyeshindwa kutunza mwamvuli. Na shule nzima ameshaitangazia! Nikamfuata nyuma ya maktaba, nikatazama viatu vyake, nikamwambia Fundi baiskeli ana upinde wa mteja na anatafuta mtu mrefu mwenye nguvu wa kuujaribia. Uso ukafunguka kama dirisha. Akasema kwa kweli Fundi amechelewa kumfikiria.

Tatizo, Jemedari anaongea bila kituo. Akisema neno moja la ukweli mbele ya Fundi nimekwisha. Basi nikamwambia kwamba Fundi hupima kwa hesabu za kichwani, ukimsemesha anaanza upya na anakasirika. Kwa upande wa pili nikamtangulia Fundi, nikamnong'oneza kwamba kaka yangu ana haya kupita kiasi, asimsemeshe, anaweza kulia.

Nusu saa nzima wakatendeana kama watu wawili waliobeba yai. Fundi akimsogeza kwa ncha ya kidole. Jemedari akibana midomo mpaka mashavu yamevimba. Fundi akanyoosha futi ya kushonea, futi ya Mama, kutoka kidole hadi kidole. Akagawanya kama kitabu kinavyoelekeza. Inchi ishirini na tisa. Kitundu cha mwisho kabisa!

Mimi nilishajipima usiku wa jana mlangoni. Ishirini na tano.

Kisha Jemedari akavuta. Polepole, akitetemeka kidogo, na mara tulk! Magurudumu yakapinduka, akasimama ameushika kirahisi, macho yamemtoka kwa raha. Mshale haukuwepo. Akataka kuachia! Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. ACHA! Fundi naye ACHA! Mzee wa tairi, ambaye bado hajarudishiwa tairi lake, naye ACHA! Jemedari akarudisha ugwe taratibu, jasho likimtiririka.

Fundi akanivuta pembeni, machozi yanamlenga. Akasema jinsi ninavyomjali kaka yangu imemgusa.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Leo tumetoboa karatasi! Siku nzuri kuliko zote tangu nizaliwe!

Ni hivi. Unatandaza karatasi kwenye fremu, unasimama hatua tatu, unalenga kupitia karatasi, nyuma kuna magunia yaliyojaa vitambaa. Mshale ukitoka upinde umerekebishwa sawa, unaacha tundu la duara safi. Upinde ukiwa na kasoro, karatasi inachanika, na mchaniko unakuambia ugonjwa. Ikichanika kwenda juu, mahali pa kukaa mshale kwenye ugwe ni juu mno. Ikichanika kando, tegemeo la mshale limeenda upande. Karatasi inaongea! Mimi na karatasi tumeelewana hapohapo.

Fremu alitengeneza Fundi kwa pete ya gurudumu la baiskeli. Karatasi tulitumia za daftari langu, zikaisha, tukatumia kalenda ya Fundi, ikafika mwezi wa kumi na mbili. Jemedari analenga, mimi nasoma mchaniko, Fundi anafungua na kufunga. Shusha kidogo. Kidogo tena. Sogeza tegemeo kulia, unene wa ukucha. Nikawa natoa amri! Mimi! Kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayenunua sabuni. Walikuwepo wateja watano na sikuwakumbuka.

Karatasi ya mwisho iliyobaki kwenye mkoba ilikuwa ripoti ya shule. Ile ya kwamba sizungumzi. Bado Mama hajaisaini. Nikaitandaza. Jemedari akaachia. Tundu la duara, safi, kama limepigwa na mashine, katikati ya maoni ya mwalimu wa darasa. Fundi aliibusu fremu.

Kitu kimoja kidogo. Jemedari hakutaka kuurudisha. Aliushika, akaugeuza, akalipapasa gurudumu la juu. Fundi alipotoka kidogo, aliniuliza kwa unyonge, na Jemedari hana unyonge, mteja huyo ni nani, na je, anaweza kuazima kwa siku moja tu, Jumamosi. Nikasema nitamuuliza mteja.

Nilimuuliza. Mteja amekataa!

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Tandiko halishuki.

Niliubeba upinde nyumbani, nikafunga mlango wa chumba. Skrubu mbili kubwa zinazopunguza uzito nimezilegeza, mizunguko sita juu, sita chini, sawasawa. Hilo sawa. Ila urefu! Kuhamisha ugwe kutoka kitundu cha mwisho hadi cha pili kunahitaji kibanio. Na jeki. Na Fundi. Kitabu kinasema hivyo ukurasa wa kumi na moja, ukurasa niliomsomea mwenyewe Jumanne kwa sauti nzuri.

Nikaenda mbio. Kibanda kiko wazi. Fundi yuko peke yake, hakuna mteja, hakuna hata mtoto. Ilikuwa kazi ya robo saa. Akaniona, akatabasamu, akauliza kaka anaendeleaje kuelekea kesho.

Nikasema anaendelea vizuri, anakusalimu sana.

Nikarudi nyumbani. Njiani nikapata wazo lililonifanya nicheke peke yangu. Kama upinde haufupiki, mimi nirefuke! Inchi nne tu, na mikono ni miwili, kwa hiyo ni mbilimbili. Nikaning'inia kwenye fremu ya mlango wa bafu. Dakika tano. Pumziko. Dakika tano. Baba alitaka kuoga, akasubiri, akauliza kama hii ni ya shule. Nikasema ndiyo. Akasema siku hizi wanafundisha mambo. Mama akaja na ripoti mkononi, akanichungulia kupitia tundu, akataka kujua nani ametoboa maoni ya mwalimu. Nikiwa nimening'inia nikamwambia ndivyo zilivyotolewa mwaka huu. Akasaini! Ila amesema nishuke.

Nimejipima upya. Ishirini na tano na robo! Inasogea! Baba anasema futi imekunjika.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Sijui nianzie wapi. Mkono wa kushoto una mstari mwekundu tangu kiwiko hadi kifundo. Naandika na barafu.

Watu walikuwa wengi. Wanaojaribu ni watano. Watatu wamekuja na pinde za kuazima kwa ndugu zao, mmoja wa kujitengenezea. Jemedari alikuja mikono mitupu, amevaa fulana mpya, anajifanya amekuja kutazama. Na Fundi! Alifunga kibanda, akaleta kigoda chake, akakaa mbele kabisa kumwona kaka yangu akishinda.

Nilipofungua sanduku ukapita mnong'ono. Kocha mwenyewe akasogea. Akauliza wa nani. Watu arobaini! Nikaonyesha kifua changu kwa kidole. Hiyo ni kama kusema, kwa hiyo nimesema.

Nikasimama mbele ya shabaha ya tatu. Nikavuta. Mkono ukafika kidevuni, ambapo unapaswa kuishia, na magurudumu hata hayajafikiria kupinduka. Nikavuta zaidi. Sikioni. Nyuma ya sikio. Bega la kushoto likapiga kelele, tulk, yakapinduka, na mimi nimejikunja kama mtu anayejikuna mgongo. Shabaha siioni, naona anga. Nikaachia.

Mshale wa kwanza uliingia ardhini hatua nane mbele. Ugwe ukanichapa mkono. Wa pili ulipaa juu ya ukuta na haujarudi. Wa tatu nikalia kidogo, nikauvuta hivyohivyo na machozi, nikaachia. Katikati! Katikati ya duara la njano, hasa! La shabaha ya tano. Watu wakapiga makofi. Mwenye shabaha ya tano akauliza kama anaruhusiwa kuuhesabu.

Ndipo Fundi akasimama juu ya kigoda. Akapaza sauti kwamba kuna kosa, upinde haukutengenezwa kwa binti huyu, ni wa kaka yake, ana haya tu, yule pale, mrefu, mwiteni kwa upole! Akamnyooshea kidole Jemedari.

Ningeomba ardhi ipasuke lakini ilikuwa na mshale wangu.

Jemedari akanitazama. Akatazama upinde. Nililiona kabisa wazo lilivyompanda usoni, polepole, kama maji kwenye chupa. Mteja alikuwa mimi. Angeweza kunianika mbele ya wote. Akaja tu, akasimama karibu yangu, akanong'ona, na kwake kunong'ona ni kazi ngumu, kama mteja amebadilisha mawazo. Nikampa. Sikuwa na mkono wa kukatalia.

Kocha akakubali, sheria inasema upinde uwe wa mtu au wa nduguye. Jemedari akavuta, akaachia, na mshale ukaanguka mbele ya shabaha, mnyonge, kama umesinzia. Akavuta wa pili.

Hapo nisingeweza kuvumilia. Zile skrubu! Mizunguko sita! Upinde mzuri kiasi kile unalenga kama umefungiwa raba! Nikasema acha. Nikasema kwa nguvu. Nikaingia mstarini, nikachomoa spana mfukoni, nikakaza juu sita, chini sita, nikakagua alama za magurudumu, nikapangusa ugwe kwa kidole kuona kama umekaa. Nikamwambia Jemedari asikabe mpini, aushike kama ameshika ndege. Nikamwambia Kocha asogee anaziba mwanga. Kocha akasogea! Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, nimekumbuka baadaye. Watu wote walikuwa wanautazama upinde.

Mishale mitatu ndani ya njano. Mmoja juu ya mwingine.

Nafasi ni ya Jemedari. Nimeitengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu, mbele ya mashahidi arobaini. Nililia nyuma ya ghala la vifaa, kilio kizuri cha dakika kumi. Niliitaka ile nafasi. Niliitaka kuliko kitu chochote.

Kisha Kocha akaja nyuma ya ghala. Akasema miaka miwili amenifundisha na leo ndiyo kwanza amesikia sauti yangu, na ilimwambia asogee. Akasema kwenye mashindano ugwe hukatika, skrubu hulegea, na hakuna kati yao anayejua lolote. Wanahitaji mtu wa kutunza pinde. Siku tatu, kulala hukohuko, na fulana.

Nikatikisa kichwa kukubali mpaka shingo imeuma.

NAKWENDA!

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Bado nakwenda! Nimeamka nikahakikisha.

Asubuhi Shangazi amekuja na keki kumshukuru mpwa wake aliyemwazima mwanawe upinde. Jemedari ameniambia kwamba hatasema kitu kwa mtu yeyote, kwa sharti nisimwambie Shangazi kuhusu mshale ulioruka ukuta. Ule wangu! Kwa msisimko wa jana amesahau nani aliuachia, anadhani ni wake. Sikumrekebisha.

Mchana nilikwenda kwa Fundi. Nilijiandaa kuomba msamaha. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, kwa lugha zote mbili, nimsomee. Sikuifungua. Yeye ndiye aliyeanza, kwamba amesikia mimi na kaka tumezaliwa na mtu na dada yake, je, ndiyo nimkane kijana wa watu? Binamu ni kaka, akasema, ndugu ni ndugu. Kwa hiyo sikudanganya! Wiki nzima nimeteseka bure na nilikuwa nasema kweli!

Halafu akainama chini ya meza, akatoa upinde mwingine. Wa magurudumu! Mdogo, mwepesi, mpini wa kijani, hauna ugwe. Kocha ameuleta kutoka ghalani, ulisahaulika nyuma ya nyavu za mpira. Amemwambia Fundi autengeneze umfae mtu, kwa sababu muhula ujao timu inaongezwa, nafasi moja, wanajaribu upya. Fundi akauegesha kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania kilichopo mezani, vitundu vyote wazi, kibanio tayari, jeki imepakwa mafuta. Nikaushika. Vidole vyangu vikaingia kwenye mabonde ya mpini kama vimerudi kwao.

Fundi akachukua penseli kutoka nyuma ya sikio. Akauliza, haya, binti, huu tunaupima kwa nani.

Mzee wa tairi akageuka. Mama wa baiskeli ya mtoto akageuka. Mtoto akaacha kunyonya kidole.

Nikasema ni wa dada yangu.

Fundi akashangilia, akasema ukoo wetu ni wa walenga shabaha watupu. Na huyu naye ana haya? Nikasema huyu ndiye amezidi, haiwezekani kabisa kumleta. Basi, akasema, kwa sababu nimeshakuwa fundi mwenzake, safari hii atapokea vipimo vya mdomo. Nikataja vyangu, ishirini na tano. Penseli ikaandika. Nikaona ananitazama mikono.

Nikaongeza inchi mbili, asije akanishuku.